Vyumba vya kupanga Dodoma: Mfanyakazi na mwanafunzi wagombea mlango mmoja

SOKO la vyumba vya kupanga mjini Dodoma lina wateja wawili wakubwa wanaogombea mlango mmoja. Wa kwanza ni mwanafunzi wa chuo, anayefika Oktoba au Novemba na kuondoka Julai. Wa pili ni mfanyakazi aliyehamishiwa mjini humo, anayefika mwezi wowote barua ya uhamisho itakapomkuta, mara nyingi akiwa na siku chache tu za kutafuta mahali pa kulala. Wote wawili wanataka chumba cha bei nafuu, chenye maji na umeme, karibu na barabara ya daladala. Kati yao yupo mwenye nyumba, ambaye naye ana hesabu zake.

Anayezifahamu hesabu za pande zote tatu hulipa pungufu akiwa mpangaji, na huvuna zaidi akiwa mwekezaji. Asiyezifahamu hulipa nusu mwaka mbele kwa chumba ambacho baada ya miezi miwili atatamani kukihama, na fedha haitarudi.

Mji uliokua kwa mikupuo

Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulipitishwa mwaka 1973, na mwaka huo huo ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA. Hata hivyo, kwa zaidi ya miaka 30 ofisi nyingi ziliendelea kubaki Dar es Salaam na soko la nyumba za kupanga Dodoma lilikwenda taratibu.

Mkupuo wa kwanza ulikuja mwaka 2007, vilipofunguliwa Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, na Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana. UDOM peke yake ilipangwa kufikia wanafunzi 40,000. Mabweni yapo, lakini si kila mwanafunzi hukaa bwenini, na vijiji vya jirani kama Ng'ong'ona vikaanza kuota vyumba mahali palipokuwa na mashamba ya mtama na karanga.

Mkupuo wa pili ulianza Julai 2016, Rais John Magufuli alipotangaza kuwa Serikali yote itahamia Dodoma. Baadhi ya wizara zilianza kazi katika majengo ya UDOM, na Aprili 2019 ukazinduliwa Mji wa Serikali wa Mtumba, upande wa mashariki kwenye barabara kuu iendayo Morogoro. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 410,956 katika Manispaa ya Dodoma. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu watu 765,179 katika Jiji hilo. Ongezeko la watu zaidi ya 350,000 ndani ya miaka 10 ni ongezeko la watu wanaohitaji paa.

Kwa msomaji wa ukurasa huu, jambo la kuzingatia ni ramani. Chuo kikuu kiko mashariki ya mji, na Mtumba iko mashariki zaidi. Kwa hiyo maeneo ya Makulu, Iyumbu, Njedengwa, Nzuguni na Ng'ong'ona yanatafutwa na mwanafunzi na mfanyakazi kwa wakati mmoja. Nzuguni ina mvuto wa ziada, kwa kuwa ndiko iliko stendi kuu ya mabasi na Soko la Job Ndugai.

Bei huendana na kalenda

Nyumba za kupanga karibu na vyuo zina msimu kama mazao. Wanafunzi wakirejea, vyumba hujaa ndani ya wiki chache, madalali hawana muda wa kubembeleza na mwenye nyumba hasikilizi ombi la kupunguziwa. Wanafunzi wakifunga chuo, milango hubaki na makufuli. Anayehamia katikati ya Julai na Septemba hukuta wenye nyumba wanaoangalia vyumba vitupu, na hapo mazungumzo ya bei huwa na maana.

Tangu Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba ya mwaka 1984 ilipofutwa mwaka 2005, bei ya pango ni maelewano ya pande mbili. Hakuna baraza la kumpunguzia mpangaji bei aliyokwisha kuikubali. Silaha yake ni kalenda na ulimi wake.

Tuchukue mfano wa hesabu, si bei ya soko. Chumba kinapangishwa kwa sh. 70,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka miezi sita, yaani sh. 420,000. Dalali, kwa desturi, anataka pango la mwezi mmoja, sh. 70,000. Mgeni atatoa sh. 490,000 kabla hajanunua godoro. Akielewana na mwenye nyumba alipe miezi mitatu, atatoa sh. 280,000. Tofauti ni sh. 210,000, na kwa mtu anayesubiri mshahara wa kwanza katika kituo kipya hicho ndicho chakula cha mwezi, nauli na karo ya mtoto aliyebaki nyumbani.

Mfanyakazi anayo hoja moja ambayo mwanafunzi hana: analipa miezi 12. Hoja hiyo itajwe mapema, kabla ya bei. Mwenye nyumba anayepata sh. 70,000 kwa miezi tisa anaingiza sh. 630,000 kwa mwaka. Anayepata sh. 60,000 kwa miezi 12 anaingiza sh. 720,000. Punguzo la sh. 10,000 kwa mwezi halimtii hasara, bali linampa sh. 90,000 zaidi. Wenye nyumba wengi huona haraka wakiwekewa hesabu hiyo kwenye karatasi.

Rahisi inayogharimu

Kosa la wageni wengi ni kulinganisha pango na pango bila kuhesabu njia. Tuseme chumba cha mbali ni sh. 50,000 na cha karibu na kazi ni sh. 70,000. Ikiwa chumba cha mbali kinaongeza nauli ya sh. 1,000 kwa siku, kwa siku 22 za kazi ni sh. 22,000. Chumba cha sh. 50,000 tayari ni cha sh. 72,000. Ikiwa kutoka kituoni hadi nyumbani inalazimu kupanda bodaboda ya sh. 1,000 kwenda na sh. 1,000 kurudi, ongeza sh. 44,000. Hapo chumba "rahisi" kimefika sh. 116,000.

Maji ni hesabu ya pili. Dodoma ni nchi kavu, mvua zake ni za msimu mmoja, kwa kawaida Desemba hadi Aprili, na mji umetegemea sana visima vya Mzakwe katika bonde la Makutupora. Maji ya bomba hutoka kwa mgawo katika maeneo mengi. Anayetazama chumba asitosheke kuona bomba. Aulize wapangaji, wala si dalali, maji hutoka siku gani, kama kuna tangi, na nani hulipia ankara. Nyumba isiyo na tangi humpeleka mpangaji kwa muuza madumu, na fedha ya madumu ni pango la pili.

Hesabu ya tatu ni LUKU. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia ununuzi wa umeme. Ilianza kwa sh. 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba, lakini hukatwa kwa yule anayenunua umeme. Katika nyumba ya wapangaji wengi wenye mita moja, anayewahi kununua mwanzo wa mwezi ndiye anayebeba. Nyumba iliyokaa tupu huwa na deni la miezi iliyopita, na mgeni hushangaa fedha yake ikirudisha uniti chache. Dawa ni kuandika kwenye mkataba kuwa makato hayo yatatolewa katika pango.

Dalali, funguo na karatasi

Dalali anayo kazi yake. Anajua mlango upi umefungwa na upi utafunguliwa wiki ijayo, na mgeni asiye na ndugu mjini hana njia nyepesi kuliko yeye. Tatizo ni pale anapogeuka mpokeaji wa pango. Utapeli unaorudiwa ni wa chumba kimoja kupangishwa kwa watu watatu kwa siku moja, au mpangaji anayeondoka kujifanya mwenye nyumba na kupokea miezi sita ya mwisho.

Kinga yake haina gharama kubwa. Kwanza, mpangaji afike ofisi ya serikali ya mtaa, aulize jina la mwenye nyumba na msimamizi wake. Pili, alipe kwa benki au kwa simu kwenye jina hilo hilo, ili ushahidi ubaki. Tatu, mkataba uandikwe hata kama ni wa ukurasa mmoja: bei, muda, notisi ya kuondoka, nani anatengeneza kinachoharibika, na kinachotokea mpangaji akihamishwa kabla ya muda. Sharti hili la mwisho ndilo mfanyakazi husahau, ilhali ndilo linalomhusu zaidi. Aliyeletwa kwa barua anaweza kuondolewa kwa barua, na bila sharti hilo miezi iliyobaki hubaki kwa mwenye nyumba. Nne, ada ya dalali ilipwe funguo zikiwa mkononi.

Tangu Julai 2024, treni ya mwendo kasi kati ya Dar es Salaam na Dodoma imewapa baadhi ya wafanyakazi njia nyingine: kuacha familia Dar es Salaam, kupanga chumba kimoja Dodoma na kusafiri mwisho wa wiki. Hesabu yake ni ile ile. Nauli za mwezi zijumlishwe na pango la chumba, kisha zilinganishwe na pango la nyumba nzima ambayo familia ingehamia. Kwa wenye nyumba, jambo hilo linamaanisha kuwa chumba kimoja chenye choo cha ndani kinaweza kupata mteja pale ambapo nyumba ya vyumba vitatu inasubiri.

Kwa mwekezaji mdogo

Wafanyabiashara wengi wenye akiba ndogo huona wingi wa wanafunzi na kukimbilia kujenga. Tuchukue tena mfano wa hesabu. Vyumba sita vimejengwa kwa sh. milioni 24, kiwanja kikiwemo, na kila kimoja kinapangishwa kwa sh. 50,000. Kwenye karatasi mapato ni sh. milioni 3.6 kwa mwaka, sawa na asilimia 15 ya mtaji. Wanafunzi wakilipa miezi tisa tu, mapato ni sh. milioni 2.7. Toa sh. 500,000 za rangi, vitasa, mabomba na kunyonya choo, inabaki sh. milioni 2.2, asilimia 9 na kidogo. Hati fungani ya Serikali ya miaka 25, kwa masharti ya mwaka 2022, ilitoa riba ya asilimia 12.56 bila kitasa wala bomba.

Mwenye vyumba atajibu kuwa ardhi hupanda thamani na hati fungani haipandi. Ni kweli, lakini thamani hiyo hupatikana kwa mwenye kiwanja kilichopimwa na chenye hati. Chini ya CDA, wamiliki wa Dodoma walipewa hati za miaka 33. CDA ilivunjwa Mei 2017, shughuli zake zikahamia halmashauri ya mji, na hati za miaka 99 zikafuata. Anayenunua kiwanja kando ya chuo kwa karatasi ya kijiji ahakikishe kwanza ofisi za Jiji kama eneo limepimwa, na kwa matumizi gani. Vyumba vilivyojengwa juu ya njia ya barabara havina pango wala thamani.

Njia ya kupunguza hasara ya likizo ni kuchanganya wateja. Vyumba vitatu vya wanafunzi kwa sh. 50,000 kwa miezi tisa huleta sh. milioni 1.35. Vitatu vya wafanyakazi kwa sh. 45,000 kwa miezi 12 huleta sh. milioni 1.62. Jumla ni sh. milioni 2.97, ikiwa ni sh. 270,000 zaidi ya kutegemea wanafunzi peke yao. Mfanyakazi naye huwapo Agosti, wakati tangi linapopasuka na mwizi anapopita.

Mwenye kupangisha kwa kampuni au taasisi akumbuke pia kuwa mpangaji wa aina hiyo hukata asilimia 10 ya pango na kuiwasilisha TRA. Bei itajwe mapema kama ni kabla au baada ya makato hayo, na stakabadhi ya makato idaiwe.

Kwa mpangaji mwenye barua ya uhamisho mkononi, shughuli ya kwanza ni kuuliza tarehe ya kuripoti. Ikiwa ni Oktoba, na ana jamaa au nyumba ya wageni ya bei nafuu, ni afadhali alale huko wiki mbili tatu huku akitafuta upande wa Ihumwa na Nzuguni, mbali kidogo na lango la chuo, kuliko kulipa miezi sita kwa chumba cha kwanza alichoonyeshwa usiku. Ikiwa ni Agosti, asiwe na haraka hata kidogo. Mwezi huo chumba ndicho kinachotafuta mtu.