Dawa ya Kupaka Choa

Choa ni duara linalowasha kwenye ngozi. Huletwa na kuvu, na huambukiza. Ukienda duka la dawa usipokee dawa yoyote tu ya kupaka. Soma jina kwenye boksi. Sasa unajua kusoma. Ukiona neno BETAMETHASONE, irudishe. Dawa hiyo hutuliza mwasho upesi, ndiyo maana watu huipenda, lakini choa huzidi kuenea. Omba CLOTRIMAZOLE. Osha penye choa, kausha vizuri, kisha paka asubuhi na jioni, mpaka nje kidogo ya duara. Mwasho utakwisha mapema. Usiache! Endelea mpaka wiki 4 zitimie.

Mapunye ya kichwani hayaponi kwa kupaka tu. Mpeleke mtoto zahanati apewe dawa ya kumeza.