PURPIE: JANI LENYE KUBADILISHA KAZI YAKE WAKATI WA KIU



Kila kiangazi tunachota maji, tunanyweshea bustani, na lengalenga inanyauka tu. Lakini katikati ya vitanda kunabakia jani moja lenye kutambaa chini, shina nyekundu, majani minene, maua madogo ya manjano. Njo purpie. Tunaling'oa, tunalitupa njiani, kesho kutwa liko hai bado. Sababu gani?

Tulisoma katika biolojia kwamba jani liko na milango midogo sana, stomati. Muchana inafunguka, gazi karboniki inaingia, na kwa nguvu ya jua jani linatengeneza sukari. Lakini mulango ule ule wa kuingiza gazi unatosha maji. Muti wenye kiu unafunga; ukifunga, chakula nayo inakosa.

Nanasi iko na akili ingine. Inafungua usiku, wakati hewa ni baridi na maji haipotei sana. Gazi inawekwa ndani ya jani kuwa asidi. Muchana milango inafungwa, asidi inaachilia gazi ndani kwa ndani, jua linamaliza kazi. Nanasi inafanya vile hata maji ikiwa mingi.

Purpie haiko vile. Maji ikiwapo inafanya kazi muchana, kwa njia ya C4, sawasawa na mahindi na lengalenga. Maji ikikosa siku kadhaa, inaanza kuweka asidi usiku, bila kuacha C4 kabisa. Koch na Kennedy waliandika juu ya asidi hiyo mwaka 1980. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walionyesha kwamba njia zote mbili zinapita katika seli zile zile. Mvua ikirudi, purpie inarudia kazi ya zamani.

Tusidhani kwamba njia ya usiku inanenepesha. Ghala ya asidi ni ndogo. Purpie ya kiangazi haikui sana, inangoja.

Mwenye kubisha atumie ulimi, kwa kuwa purpie inaliwa. Bwana Heyne aliandika juu ya jani lingine la India, Bryophyllum: asubuhi chachu, saa sita halina ladha. Basi mutu aoshe jani la purpie lenye kukosa maji, alitafune mbele ya sala ya asubuhi, kisha lingine la muti ule ule saa kumi.

Kikundi cha bustani, tafazali: wiki hii musinyweshee kitanda cha mwisho, na purpie yake musiing'oe.