Baada ya kansere ya titi, je, mama anaweza kubeba tena beseni?

Huku Uvira, mama akishapasuliwa titi na kumaliza dawa, watu wa nyumbani wanamuambia neno moja: pumuzika, usibebe kitu. Wanasema hivyo kwa upendo. Lakini mama wa Kalundu ambaye beseni ya ndakala ndiyo inalipa minervali ya watoto, atapumuzika mpaka lini?

Woga huo uko na sababu. Mara nyingi munganga akitoa titi anatoa pia tezi za kwapani, zile zinazosaidia maji ya mwili kutoka mkononi. Zikipunguka, maji yanaweza kubakia, mkono unavimba na kuwa muzito, hata kisha miaka. Ndiyo maana zamani wanganga wenyewe walikataza kazi za nguvu.

Mwaka 1996, munganga wa Kanada, Don McKenzie, alijaribu kinyume. Alikusanya wanawake 24 waliotibiwa kansere hiyo, akawaingiza katika mtumbwi mrefu kule Vancouver wapige kasia. Hakuna aliyepata uvimbe mupya. (Sisi wa Tanganyika, kasia tunalijua tangu utoto!) Mwaka 2009, Kathryn Schmitz wa Marekani na wenzake walitangaza habari za wanawake 141 ambao mikono yao ilikuwa imeshavimba: wale walioinua vyuma mara mbili kwa juma hawakuvimba kuliko wengine. Walianza na uzito kidogo sana, wakaongeza pole pole, na kuna waliowasimamia.

Kwa hiyo bidoni ya lita 20 si ya kuanzia. Chupa ya maji ya nusu lita ni nusu kilo. Anza na hiyo. Mkono usipolalamika, ongeza juma linalofuata. Na tembea: OMS inashauri dakika 150 kwa juma, ni kusema nusu saa siku tano, asubuhi jua halijawa kali. Kutembea kunapunguza ule uchovu ambao kulala hakuuondoi, na usingizi unarudi.

Uliza kwanza munganga aliyekutibu, zaidi kama kidonda hakijakauka. Ukichomwa na mwiba wa samaki ama ukiungua na makaa, osha palepale na sabuni. Mkono ukiwa mwekundu, wa moto, na homa juu yake, usingoje kesho: enda hospitali siku ileile.