Toivo, wajina wangu wa Rågsved

Kwenye kipindi cha wiki iliyopita niliteleza nikataja habari ya jina la mtoto, na sasa kila mtu anauliza limefikia wapi. Haya, kaeni.

Mimi naitwa Tumaini. Kazini, mwaka wa nane sasa, naitwa Tom. Hakuna aliyenilazimisha, nilichoka tu kurudia jina mara tatu kwenye simu. Mke wangu anajifungua mwezi wa tatu, na Uswidi hii jina la mtoto linatakiwa lifike Skatteverket ndani ya miezi mitatu tangu azaliwe. Yeye anataka jina ambalo mwalimu atalisoma bila kusita. Mama anataka Bahati, jina la marehemu baba. Na mimi nipo katikati, kama kawaida.

Jumapili moja niko tvättstuga ya jengo letu hapa Rågsved, nakunja shuka, akaingia mzee wa ghorofa ya chini. Mfini, alikuja miaka ya sitini, enzi ambazo Wafini kwa maelfu walivuka kutafuta kazi viwandani. Siku zote tuliishia kwenye "hej". Siku hiyo akaniuliza jina, na sijui kwa nini sikusema Tom. Akataka maana yake. Nikamwambia. Mzee akaweka kapu chini, akacheka: "Basi sisi wajina. Mimi ni Toivo."

Nikaenda kusoma. Toivo ni neno la kawaida la Kifini, tumaini lile lile unalokuwa nalo ukisubiri basi. Na haliko peke yake: Onni ni Bahati, Rauha ni Amani, Voitto ni Ushindi. Majina ya mabibi na mababu wa Kifini ukiyasoma haraka utadhani ni orodha ya kipaimara Moshi.

Haikuwa hivyo tangu zamani. Ufini ilikuwa chini ya Uswidi mpaka 1809, halafu chini ya Urusi mpaka 1917, na vitabu vya kanisa viliandikwa Kiswidi muda mrefu. Mtu nyumbani ni Juhani, kitabuni ni Johan. (Hapo nilifunga kompyuta kidogo.) Mwishoni mwa karne ya 19, waliokuwa wakiipigania lugha yao wakaanza kuwapa watoto majina yaliyotoka kwenye maneno yao wenyewe. Mwaka 1906 maelfu ya watu walibadilisha hata majina ya ukoo, wakaacha ya Kiswidi.

Na Toivo lilifika Afrika kabla wazazi wetu hawajafika huku. Wamisionari wa Kifini waliingia kaskazini mwa Namibia mwaka 1870, na wengi waliobatizwa wakachukua majina ya Kifini. Ndipo tunampata Andimba Toivo ya Toivo, aliyezaliwa 1924, mmoja wa waanzilishi wa SWAPO, aliyefungwa Robben Island mpaka 1984. Jina lililoletwa na wageni, sawa, ila alilibeba gerezani miaka 16 bila kulifupisha.

Mzee akanipa wazo: mwite Onni. Maana ile ile, na Waswidi hawatakwama. Mke wangu akalipenda. Nikampigia mama, nikamweleza kwa furaha. Kimya. Halafu: "Onni ndo nani, mwanangu? Mimi niliolewa na Bahati."

Sikuwa na jibu. Simu ilikuwa kwenye spika, mke wangu akasikia yote. Usiku akasema atakubali Bahati, kwa sharti moja: Tom aondoke kwanza. Jumatatu nikamwandikia jamaa wa kompyuta kazini abadilishe jina kwenye barua pepe yangu. Akajibu baada ya dakika mbili: Tumaini ndiyo nani?