Je, Wajua? Vijana wa Kiyahudi na Kiarabu na Siasa za Israeli

Je, wajua kuwa nchini Israeli kijana wa miaka 17 hupiga kura ya serikali za mitaa, ila ya Bunge, Knesset, husubiri atimize 18?

Je, wajua kuwa vijana wengi humaliza shule bila kuketi darasa moja na mwenzao wa upande wa pili? Wayahudi wana shule zao, za kawaida na za dini, na Waarabu, ambao ni kama raia mmoja katika kila watano, wana zao. Mwarabu husoma Kiebrania tangu shule ya msingi. Myahudi anayefikia kiwango cha kuzungumza Kiarabu ni nadra. Basi wengi hujuana kupitia taarifa ya habari, tena siku za damu.

Je, wajua kuwa mwaka 2007 Waziri wa Elimu Yuli Tamir aliruhusu kitabu cha darasa la tatu la shule za Kiarabu kitaje Nakba, yaani maafa ya Wapalestina ya 1948? Mwaka 2009 mrithi wake, Gideon Sa'ar, aliliondoa neno hilo. Mtoto hulisikia kwa bibi yake vilevile.

Je, wajua kuwa Sami Adwan, Mpalestina, na Dan Bar-On, Mwisraeli, waliwakutanisha walimu wa pande zote mbili wakaandika kitabu cha historia cha aina yake? Fungua ukurasa: upande mmoja simulizi ya Waisraeli, upande wa pili ya Wapalestina, na katikati mistari mitupu ili mwanafunzi aandike yake. Sijaona wazo la ualimu lenye ujasiri kuliko hili. Inauma kwamba mwaka 2010 wizara ya elimu ya Israeli iliizuia shule ya sekondari karibu na mji wa Sderot kukitumia.

Je, wajua kuwa wakifika miaka 18 Wayahudi wengi huitwa jeshini, Waarabu Waislamu na Wakristo hawalazimishwi, na wanaume wa Kidruzi, jamii izungumzayo Kiarabu yenye dini yake, hulazimishwa tangu 1956?

Je, wajua kuwa mwaka 1970 makumi ya wanafunzi wa sekondari walimwandikia Waziri Mkuu Golda Meir kwamba hawajui watapiganaje vita ilhali serikali inakwepa nafasi ya amani?

Na je, wajua kuwa shule za Hand in Hand, zinazowasomesha watoto wa pande zote mbili pamoja, huweka walimu wawili darasani, Myahudi na Mwarabu? Novemba 2014 wachomaji waliteketeza darasa la kwanza la shule yao ya Jerusalem. Wazazi hawakuwaondoa watoto.