Chura anazaa, samaki anazama: jamani, nani alipanga haya makundi ya wanyama?

Leo naweka pembeni mpira na siasa. Kuna ubishi umezuka kafe Jumamosi na kuna soda ya watu inasubiri hukumu, kwa hiyo naomba tulimalize hapa hapa.

Ilikuwa hivi. Mdogo wangu yuko kidato cha pili, mtihani uko karibu, kaja kunisubiri kafe na daftari lake la bailojia. Ndani kaandika kwa wino mwekundu: samaki anaishi majini, ndege anaruka, reptilia ana magamba, amfibia anataga mayai majini, mamalia anazaa. Mistari mitano, kashakariri, kazi kwisha. Jamaa wa mashine ya pembeni akachungulia, akamdaka: "Dogo, chura wa Kihansi anazaa. Kwa hiyo yeye ni mamalia?" Dogo kimya. Basi kafe nzima ikaingia. Mmoja akasema yule si chura, ni mnyama mwingine kapewa jina tu. Mwingine akaleta habari za popo. Mwenye kafe alipoona watu wanakula muda wao bure akasema atakayeleta jibu la kueleweka ana soda yake. Nikasema naandika mimi.

Na mimi hili jambo lina kidonda changu. Kwenye jaribio la kidato cha pili niliandika kakakuona ni reptilia, sababu: ana magamba. Nikawekewa kosa. Hakuna aliyenieleza kwa nini ni kosa, tukasonga mbele, na mpaka namaliza shule nilikuwa naamini nimeonewa.

Wanyama wenye uti wa mgongo wanaojulikana wamepita aina 70,000, na karibu nusu yao ni samaki. Shuleni tunawagawa makundi matano: samaki, amfibia, reptilia, ndege na mamalia. Hapo hakuna ubishi. Ubishi unaanza ukiuliza unamjuaje.

Turudi kwa kakakuona wangu. Magamba yake yametengenezwa kwa kitu kile kile cha kucha zako na nywele zako. Mgeuze tumboni utakuta ngozi laini yenye nywele. Mama ananyonyesha, kwa kawaida mtoto mmoja, na mtoto huyo anapanda juu ya mkia wa mama wanatembea hivyo. Ananyonyesha, ana nywele, damu yake ina joto lake yenyewe: mamalia huyo, hata umvishe bati. Magamba ni nguo tu. (Na hiyo nguo ndiyo inamponza, maana wanamuua kwa sababu yake. Aina zote 8 za kakakuona, 4 za Afrika na 4 za Asia, nchi za dunia zilikubaliana mwaka 2016 kupiga marufuku biashara yao ya kimataifa. Kucha, jamani. Watu wanafungwa miaka kwa kusafirisha kucha.)

Kwa hiyo alama ya mamalia ni maziwa. Kuzaa hakumo, hapo ndipo daftari la dogo lilipopotea. Kule Australia kuna mnyama anaitwa platipasi, ana mdomo kama bata, anataga mayai, halafu watoto wakianguliwa anawanyonyesha. Ngozi yake ilipofika Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1790, George Shaw aliyemwandika mwaka 1799 alishuku kwamba kuna mtu kashona mdomo wa bata kwenye ngozi ya mnyama mwingine. Habari ya mayai ilikuja kuthibitishwa mwaka 1884. Miaka 85 ya ubishi! Sisi kafe tumebishana saa moja tu.

Upande wa pili, wanaozaa bila kuwa mamalia wamejaa. Kifutu, yule nyoka mnene wa njiani, anazaa. Papa wengi wanazaa. Kuzaa ni ufundi uliozuka mara nyingi kwenye koo tofauti, kwa hiyo hauwezi kukuambia ukoo wa mtu.

Sasa chura wetu. Chura wa Kihansi aligunduliwa mwaka 1996 kwenye maporomoko ya mto Kihansi, milima ya Udzungwa. Ni kadogo, hata sentimita 3 hakafiki. Eneo lake lote la asili duniani lilikuwa kama hekta 2 hivi, sehemu inayolowanishwa na manyunyu ya maporomoko. Viwanja vichache vya mpira, basi. Jike anabeba viluwiluwi ndani ya tumbo, wanamaliza hatua zote humo humo, wanatoka wakiwa vyura kamili wadogo kama punje. Hapo jamaa yangu wa kafe anasema: si umeona, anazaa! Ndiyo, lakini mwangalie. Hana tone la maziwa. Hana nywele wala magamba. Ngozi yake ni tupu, yenye unyevu, na anapumua kupitia hiyo ngozi pamoja na mapafu. Hatua ya kiluwiluwi ipo, ila imehamishiwa tumboni. Ni amfibia kabisa.

Na hiyo ngozi ndiyo iliyomuweka pabaya. Mradi wa umeme wa Kihansi ulipoanza mwaka 2000, sehemu kubwa ya maji ikaelekezwa kwenye mitambo na manyunyu yakapungua ghafla. Mnyama mwenye magamba angevumilia. Anayepumua kwa ngozi hawezi kukaa pakavu. Wakafunga mabomba ya kunyunyizia maji, na vyura karibu 500 wakapelekwa Marekani kutunzwa kwenye bustani za wanyama, zikiwemo za Bronx na Toledo. Mwaka 2003 waliobaki Kihansi wakaporomoka, na ugonjwa wa ukungu unaoshambulia ngozi ya vyura ukagunduliwa pale. Mwaka 2009 wakatangazwa kwamba porini wamekwisha. Kuanzia mwaka 2012 wakaanza kurudishwa nyumbani, wazaliwa wa Marekani hao, wanateremshwa Udzungwa. Umeme tunautumia, mimi hapa naandika kwa umeme, silalamiki. Ila nani angekwambia kwamba neno "amfibia" kwenye daftari la dogo lina uzito wa namna hiyo?

Baharini ndiko macho yanadanganya zaidi. Nenda Mafia kipindi cha mwisho wa mwaka, utaona papa potwe, mkubwa kuliko basi dogo. Nenda Kizimkazi, Unguja, utaona pomboo. Wote wana mapezi, wote wana mkia, ukiwaweka kwenye picha utasema ndugu. Wapi! Papa potwe ni samaki, tena samaki mkubwa kuliko wote duniani: anapumua kwa matamvua, hahitaji kuja juu kuvuta hewa. Pomboo ana mapafu kama yangu na anamnyonyesha mtoto ndani ya maji ya chumvi. Nyangumi vile vile, na nguva vile vile. Nikupe njia rahisi: angalia mkia. Samaki anapiga mkia kulia na kushoto. Pomboo na nyangumi wanaupiga juu na chini, kwa sababu mababu zao walikuwa wanyama wa miguu minne wa nchi kavu, na mgongo wao bado unajikunja kwa namna ile ile ya mnyama anayekimbia.

Kama huamini, shika mkono wako. Juu mfupa mmoja, chini ya kiwiko miwili, halafu vijifupa vya kifundo, halafu vidole. Pezi la nyangumi likipasuliwa lina mpango huo huo. Bawa la popo pia, vidole virefu vimetandikwa ngozi. (Popo ana meno, ana manyoya mwilini, ananyonyesha. Niishie hapo, ule ubishi wa popo haukustahili hata soda.) Kumbe wataalamu siku hizi hawaulizi huyu anafanana na nani, wanauliza huyu katoka ukoo gani.

Wala usidhani wakubwa hawakukosea. Aristotle, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, aliandika kwamba pomboo ana mapafu na ananyonyesha. Watu wakaendelea kumuita samaki. Carl Linnaeus wa Sweden ndiye aliyewaweka nyangumi kwa mamalia mwaka 1758, lakini katika kitabu hicho hicho papa kawaweka kundi moja na vyura na nyoka, na popo kawaweka kundi moja na nyani na binadamu. Mwalimu wangu angempa ngapi?

Sasa ukifuata ukoo, mambo yanakuwa matamu. Watu wa ziwa Victoria mnamjua kamongo. Samaki, lakini ana mapafu, na akiwa mkubwa anategemea hewa ya juu kiasi kwamba akinaswa kwenye wavu chini bila kuja juu anakufa kwa kuzama. Samaki anazama! Na kiukoo kamongo yuko karibu na wewe kuliko alivyo karibu na sangara anayeogelea naye. Tanga nao wana silikanti, samaki wa ukoo uliodhaniwa umeisha pamoja na dinosaria, mpaka mmoja alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Mapezi yake yana shina la nyama na mifupa, kama miguu inayojaribu kuanza. Kuanzia mwaka 2003 wavuvi wa Tanzania wakaanza kuwatoa kwenye nyavu za vilindini, na mwaka 2009 ikaanzishwa hifadhi ya bahari ya silikanti Tanga.

Na mamba? Moyo wake una vyumba vinne kama wa kuku, wakati mjusi ana vitatu. Jike analinda kiota na kubeba watoto mdomoni. Ndugu wa karibu kabisa wa mamba walio hai leo ni ndege, mjusi anafuata nyuma. Ndege wenyewe ni uzao wa dinosaria, ndiyo maana wataalamu wengi siku hizi wanawahesabu ndani ya reptilia. Kwa hiyo yule wa Tendaguru, Lindi, aliyechimbwa na Wajerumani miaka ya 1909 hadi 1913 na yuko Berlin mpaka leo, magazeti yetu yakimuita "mjusi" yanamkosea heshima. Kuku wa mama mkubwa ana haki zaidi ya kudai urithi.

Dogo kauliza kwenye mtihani aandike nini sasa. Nimemwambia makundi ni yale yale matano, mtihani hautaki ukoo wa kamongo. Ila afute mistari yake. Mamalia: maziwa na nywele. Ndege: manyoya ya ndege yenye shina, hata kama haruki kama mbuni. Reptilia: ngozi kavu ya magamba na mapafu tangu azaliwe. Amfibia: ngozi tupu yenye unyevu. Samaki: matamvua maisha yake yote na mapezi. Akakopi, kisha akauliza: "Kaka, na kamongo ana matamvua?" Anayo, madogo madogo. Huyu mtoto atanipita.

Mwenye kafe, mimi nakunywa ya tangawizi, iwe baridi. Na wadau wa kanda ya ziwa, kwenu kamongo analiwa au ni mwiko? Nasikia kuna familia hawamgusi kabisa, naomba mnieleze hapo chini.