Somo Moja, Walimu Wengi

Kazi ya ualimu ina upweke wake. Mwalimu huingia darasani, mlango hufungwa, na yatokeayo humo hayajulikani hata na mwenzake wa chumba cha pili. Astaafupo, ujuzi wake wa miaka thelathini huondoka naye.

Huko Japani dawa ya upweke huu ilitafutwa zamani. Mwaka 1872 kilifunguliwa chuo cha ualimu mjini Tokyo, na Mmarekani Marion Scott akaajiriwa kuonyesha namna ya kufundisha darasa zima kwa pamoja. Katika miongo iliyofuata ilikua desturi ya walimu kumtazama mwenzao akifundisha, kisha kulijadili somo lake. Desturi hiyo huitwa jugyō kenkyū, yaani utafiti wa somo.

Neno utafiti halikutumiwa kwa mapambo. Chukulia walimu wa darasa la kwanza wanaoandaa somo la kutoa. Watoto wapewe hesabu ipi? Kwa asiyefundisha, 13 kutoa 9 na 12 kutoa 3 ni mamoja. Sivyo. Katika 13 kutoa 9, ni wepesi kuondoa 9 katika 10, ikabaki 1, kisha kuijumlisha na zile 3, jibu likawa 4. Katika 12 kutoa 3, ni wepesi kuondoa 2 kwanza, kisha 1 katika 10, jibu likawa 9. Tarakimu zenyewe huelekeza fikra za mtoto. Walimu huweza kubishana muda mrefu juu ya jambo hili dogo, na ubishi huo una thamani kuliko karatasi ya andalio la somo. Kisha hukisia majibu ya watoto, ya makosa yakiwamo. Mmoja hufundisha, wengine husimama kando wakiandika afanyayo mtoto, wala si afanyayo mwalimu. Baadaye makisio hupimwa, na pengine somo hurekebishwa na kufundishwa tena katika darasa jingine. Likiharibika, limeharibika la wote, kwa kuwa wote walilitunga.

Mambo haya yalijulikana sana nje ya Japani baada ya mwaka 1999, Stigler na Hiebert walipochapisha kitabu kilichotokana na filamu za masomo ya hisabati ya Ujerumani, Japani na Marekani.

Afrika nayo imejaribu. Kenya ilianza mpango wa SMASSE mwaka 1998 kwa msaada wa Japani: wakufunzi wa taifa waliwafundisha wakufunzi wa wilaya, nao wakawafundisha walimu wa sayansi na hisabati wa sekondari. Njia hiyo hufikia wengi upesi, ila semina hufanyika mbali na watoto, na maji ya mfereji mrefu hupungua njiani. Zambia, kuanzia mwaka 2005 katika Mkoa wa Kati, ilichagua kuanzia shuleni penyewe.

Kizuizi kikubwa ni saa. Nchini Japani, siku ya somo la utafiti, aghalabu madarasa mengine huruhusiwa kwenda nyumbani mapema, likabaki lile moja tu. Katika shule ya kijijini yenye walimu watano na madarasa saba, ambako mtoto hutembea mwendo mrefu kufika, mwalimu mkuu lazima kwanza aamue ni watoto gani watakaopoteza kipindi siku hiyo, na awaeleze wazazi wao sababu.